Meneja ni ami yangu, na nataka kuacha kazi

"Shikamoo mama. Nina miaka 26, nafanya kazi resepshoni katika nyumba ya wageni huku Shela, Lamu, huu ni mwaka wa tatu. Nimepata kazi Watamu, naanza tarehe 1 Agosti. Tatizo ni meneja. Ni binamu wa babangu, nyumbani namwita ami. Kazini hunifokea mbele ya wageni, na kila anayetaja kuondoka humwambia notisi ni miezi mitatu na mshahara wa mwisho ausahau. Barua yangu ya ajira inasema mwezi mmoja. Mwenye nyumba yuko Ulaya, huja Krismasi tu. Vyeti vyangu vya shule vyenyewe, si nakala, viko kabatini mwa meneja tangu siku ya kwanza. Na Julai ndipo tunapoanza kujaa wageni. Nitaondoka vipi bila kugombana naye na bila kupoteza haki yangu?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu. Sikuicheka shida yako, nilijiona mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja hapa Malindi. Nikapata kazi nzuri zaidi, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Naomba ruhusa ya kuacha kazi." Meneja akatoa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ombi limekataliwa." Nami kwa ujinga wangu nikaikunja barua nikarudi stoo kuhesabu magunia ya mchele. Kule nilikoitwa walinisubiri wiki mbili, wakachukua mtu mwingine. Baadaye nikahamishiwa ofisi ya wafanyakazi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nikawa ndiye ninayepokea barua za wanaoondoka. Mpaka leo nikikuta neno "naomba" katika barua ya namna hiyo, mkono huniwasha nilikate.

Kuacha kazi hakuombwi. Unamwarifu mwajiri, basi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 35, inasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, na mwajiri naye akimwondoa ampe hizo hizo. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, mnafuata mkataba. Wako unasema mwezi mmoja, kwa hiyo ni mwezi mmoja. Miezi mitatu ya ami yako haipo popote isipokuwa mdomoni mwake, na masharti ya ajira hayabadilishwi kwa mdomo. Meneja anaweza kukasirika, anaweza kununa mpaka mwisho wa mwezi, lakini hana kalamu ya kuandika "imekataliwa". Yule wangu aliandika kwa sababu mimi ndiye niliyempa nafasi.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo wengi huteleza. Ili uwe huru kuanza Watamu tarehe 1 Agosti, siku yako ya mwisho Shela iwe 31 Julai, na barua iwe imemfika mkononi si baada ya 30 Juni. Kama mkataba wako ungekuwa kimya, ungefuata zile siku 28: barua ikipokewa tarehe 3 Julai, unaanza kuhesabu tarehe 4, na ya 28 inaangukia 31 Julai. Usizibane hivyo. Mimi ningeipeleka wiki ya mwisho ya Juni, kabla nyumba haijajaa, ili hata yeye asiweze kusema umemwacha katikati ya mafuriko. Umempa mwezi mzima wa kutafuta mtu, na huo ni uungwana wa kutosha.

Lakini kabla ya barua kuna mambo mawili, na usiyaruke. La kwanza, je, Watamu wamekupa barua ya ajira yenye sahihi, mshahara na tarehe ya kuanza, au ni mtu amekwambia kwenye simu "njoo tu, nafasi ipo"? Notisi ukishaikabidhi huwezi kuirudisha mpaka mwajiri akubali, na ami yako, kwa ulivyomweleza, hatakubali bila kukupitisha kwenye tundu la sindano. Nimewaona wasichana wawili wakibaki bila hapa wala pale kwa sababu ya "njoo tu". Karatasi kwanza.

La pili ni vyeti vyako. Vitoe kabatini kabla hajajua lolote. Cheti ni mali yako, mwajiri alihitaji kuona na kubaki na nakala, si kukifanya rehani. Ila kudai haki na kuipata ni safari mbili tofauti, na wewe huna muda wa safari ya pili. Mwambie unavihitaji kwa shughuli yako, kwani mtu hukosa shughuli ya cheti? Kuna maombi ya kozi, kuna nakala za kuthibitishwa na wakili. Mpelekee nakala safi zibaki kwenye faili, umwambie, "Ami, naziacha hizi, vile navichukua." Usiseme uongo mkubwa, wala huna haja nao. Kama ana tabia ya kuahirisha, anza leo, maana "kesho inshallah" ya mtu kama huyo huweza kuchukua wiki tatu.

Barua yenyewe iwe fupi. Ningeandika hivi:

"Shela, 23 Juni. Kwa Mwajiri, kupitia kwa Meneja. Nakuarifu kwamba ninaacha kazi yangu ya resepshoni. Notisi yangu ni ya mwezi mmoja kama ilivyo katika barua yangu ya ajira, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 31 Julai. Kabla ya siku hiyo nitakabidhi fedha, funguo na orodha ya wageni. Tafadhali nitayarishiwe mshahara wa Julai, malipo ya siku zangu za likizo na cheti cha utumishi. Ahsante kwa miaka hii."

Jina, sahihi, namba ya kitambulisho. Umeona hakuna "kwa masikitiko", hakuna "kutokana na mwenendo wako", hakuna unakokwenda. Hulazimiki kusema unakwenda wapi, na mimi nisingesema. Watamu si mbali, na mameneja wa nyumba za wageni wana simu kama sisi.

Najua unatamani kuyaandika yale ya kufokewa. Una haki ya kuyatamani. Lakini barua hii itakaa kwenye faili miaka, itasomwa na watu usiowajua, na kila sentensi ya hasira humpa yeye jambo la kujibu badala ya tarehe ya kufuata. Hapa nibague kidogo: kama angekuwa amekunyima mshahara miezi kadhaa, au amekugusa, au amekushusha cheo ili uchoke uende, ningekushauri kinyume kabisa. Huko kuna kesi ya kusukumwa nje ya kazi. Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliieleza vizuri mwaka 2015, kwamba mwajiri akiuvunja mkataba kwa matendo yake na mfanyakazi akaondoka kwa sababu hiyo, sheria inaweza kuhesabu kuwa amefukuzwa. Katika hali hiyo sababu lazima ziwemo kwenye barua, na wakili au afisa wa leba aione kabla ya kupelekwa. Kwa ulivyoniandikia, hujafika huko, na nia yako ni kuondoka salama. Basi fupi.

Chapa nakala mbili. Moja yake, moja yako. Nenda siku ya kati ya wiki, saa tatu na nusu hivi, wageni wameshakula asubuhi na boti ya kutoka uwanja wa ndege wa Manda na wageni wapya haijafika. Ijumaa hapana. Wala usimngoje jioni amechoka. Mpe mkononi, ofisini, umwambie maneno machache: "Ami, nimepata kazi nyingine. Hii ni notisi yangu ya mwezi mmoja. Naomba unisainie nakala yangu kwamba umepokea." Hapo ndipo "naomba" inapokaa, kwenye sahihi ya kupokea. Aandike tarehe kwa mkono wake.

Atafoka. Mwache. Usijibu hoja moja moja, utajikuta saa nzima mnabishana habari za mwaka juzi. Sema "Nimekusikia, ami," kila anapotua, kisha rudi kwenye sahihi. Akikataa kusaini, iweke barua mezani mwake mbele ya mwenzako mmoja, ipige picha pale ilipo, na ukitoka tu mtumie picha ya barua kwa WhatsApp na umtumie mwenye nyumba barua ileile kwa barua pepe, neno kwa neno, bila kuongeza malalamiko. Saa na tarehe ya ujumbe ni ushahidi. Mwenye nyumba ndiye mwajiri wako kisheria, ami ni msimamizi tu, kwa hiyo nakala yake si uchongezi. Mimi ningemtumia hata kama meneja amesaini kwa tabasamu.

Na babako. Mwambie usiku wa kuamkia siku hiyo, si kabla sana na si baada. Kabla sana, ataona aibu na kumtafuta binamuye "wayazungumze", na notisi yako itageuka kikao cha ukoo. Baada, habari itamfika barazani kwa mdomo wa mtu mwingine, na hilo hatakusamehe upesi. Mwambie pia asiende kukusemea. Kazi uliipata kwa jina lako, utoke kwa jina lako. Siku chache baadaye, hasira ikishapoa, nenda nyumbani kwa ami na kitu mkononi, ukae na mkewe, unywe kahawa, usitaje kazi hata kidogo. Ofisini ni meneja, pale ni ami, na harusi za Lamu ni nyingi, mtaonana tu.

Vitisho vyake tuvipitie upesi, maana vingi ni upepo. Akikwambia "basi ondoka leo leo", hilo si pigo. Kifungu cha 38 kinasema mfanyakazi akitoa notisi na mwajiri akamwachilia asiitumikie yote au sehemu, mwajiri anamlipa siku zilizobaki, isipokuwa wamekubaliana vingine. Shida ni kwamba akisema kwa mdomo, kesho atasema ulitoroka kazini, na kutohudhuria bila ruhusa ni mojawapo ya sababu za kufukuzwa papo hapo. Kwa hiyo mwandikie pale pale kwenye simu: "Ami, umeniambia nisirudi kuanzia leo. Nathibitisha nimekusikia, na niko tayari kuitumikia notisi yangu mpaka 31 Julai ukinihitaji." Akinyamaza, umeshinda. Akijibu "rudi kazini", umerudi kazini. Akisema atakufuta kwa kosa la kubuni, ajue kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa lazima amweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mwenzake wa kazini anayemchagua. Kwa upande wako, mwezi huo usichelewe, usijibizane, usikose hata siku moja bila ruhusa ya maandishi. Mwezi wa notisi ndio mwezi wa kuwa mfanyakazi bora kuliko miezi yote, kwa sababu ndio pekee unaotazamwa kwa miwani.

Mshahara wa mwisho hawezi kuufuta. Umeufanyia kazi. Kuna makato sheria inayaruhusu: mshahara uliochukua mapema, hasara uliyoisababisha kwa makusudi, upungufu wa fedha kwa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha, na yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wako. Glasi iliyomponyoka mhudumu mwaka jana haimo. Kama una deni la advansi, lilipe kabla au mwandikiane likatwe mara moja, ili siku ya mwisho pasiwe na hesabu ya kubishania.

Likizo wengi huisahau. Sheria inatoa angalau siku 21 za kazi kila mwaka, na ukiondoka katikati ya mwaka wako wa likizo unapata siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliofanya, ilmradi umetimiza miezi miwili. Tuseme uliajiriwa tarehe 1 Februari na mwaka huu hujachukua hata siku. Februari mpaka Julai ni miezi 6, sawa na siku 10 na nusu. Kama mshahara ni shilingi 31,200, mimi hugawanya kwa siku 26 za kazi, inakuja 1,200 kwa siku, jumla 12,600. Wengine hugawanya kwa 30, unapata 10,920. Mgawanyo huo ubishe kwa upole, tofauti yake haifai kuharibia siku. Siku za mwaka jana ulizozuiwa kuchukua ziandike kando, na uambatanishe jumbe ulizoomba likizo akakataa.

Sasa niseme lile ambalo hukuuliza, na mimi naliona kubwa kuliko barua. Unakaa resepshoni, kwa hiyo fedha, funguo na simu za wageni ziko kwako. Katika mji mdogo mtu haharibiwi jina kwa kuwa ameacha kazi. Huharibiwa kwa neno moja linalosemwa wiki mbili baadaye: "Tangu aondoke, hesabu ya droo haikubali." Basi usikubali kuondoka bila makabidhiano ya maandishi. Siku mbili kabla, hesabu fedha za droo pamoja na atakayezipokea, noti kwa noti, mbele ya mtu wa tatu, mwandike kiasi, wote watatu msaini. Funguo moja moja, kwa jina la chumba. Risiti ambazo hazijafidiwa, zibandike kwenye karatasi kwa tarehe. Amana za wageni wa Agosti na Septemba, nani amelipa nini na kupitia wapi.

Halafu simu. Nina hakika nusu ya wageni wanakuandikia kwenye namba yako mwenyewe, kwa sababu ndivyo nyumba ndogo zinavyofanya kazi. Wiki ya mwisho waandikie kwamba kuanzia tarehe fulani watumie namba ya nyumba, na wahamishe kweli. Usiondoke nao Watamu. Mgeni akikutafuta mwenyewe mwaka ujao, hilo ni lake, lakini kumbukumbu za wageni wa nyumba si zako. Na kama laini ya ofisi, ile inayopokea M-Pesa, ilisajiliwa kwa kitambulisho chako kwa sababu siku ile hapakuwa na mwingine, hiyo ndiyo ya haraka kuliko zote. Ihamishwe kwa jina jingine au ifungwe kabla ya 31 Julai, manake kitakachopita humo baada ya hapo kitakuwa kimepita kwa jina lako. Nilimwona kijana mmoja wa huku Malindi akiitwa polisi miezi minne baada ya kuacha kazi, kwa laini tu. Alikuwa hana kosa, lakini alikwenda mara tatu.

Mambo yakikwama kabisa, afisa wa leba anayeshughulikia kaunti yenu hatozi kitu kupokea malalamiko, na barua moja kutoka kwake huwalainisha mameneja wengi ambao hawakuwahi kulainika. Mahakama ya Ajira ina kituo hapa Malindi, na una miaka 3 ya kufungua madai. Sitarajii ufike huko, na kwa fedha kiasi hiki nisingekutakia safari ya kutoka gati ya Mokowe mpaka Malindi kila kesi inapoahirishwa.

La mwisho ni kile cheti cha utumishi. Watu hukichanganya na barua ya sifa. Barua ya sifa mwajiri halazimiki kukupa, na kwa ami yako nisingeiomba. Mwombe mpishi mkuu au mwenye nyumba wakusemee. Cheti cha utumishi ni lazima kwa kila aliyefanya kazi wiki nne au zaidi, na mwajiri anayekataa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hakina sifa wala lawama: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, kazi uliyofanya na mahali, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Kiandike mwenyewe, uwapelekee tayari kwa kusainiwa na kupigwa muhuri, la sivyo utakingoja mpaka mwenye nyumba aje Krismasi. Na kikirudi, soma tarehe ya kuanza kabla hujatoka mlangoni. Kwenye hizo karatasi mwaka ndio hukosewa zaidi, na ukishafika Watamu, kumrudia ami akurekebishie tarakimu moja itakuwa kazi nyingine kabisa.